Mkutubi Asiyetoa Majibu

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima, mgongo umetulia na saluni haikupi nafasi ya kukaa. Mimi sijambo, ila kila asubuhi nikifika kwenye ngazi za chuo nafunga kamba za viatu mara mbili ndipo niingie. Nadhani si ugonjwa.

Kazi nimeanza. Mimi ni mkutubi mwanafunzi katika maktaba ya sheria ya chuo kikuu. Maktaba yenyewe iko ghorofa ya pili, juu ya ukumbi wa mihadhara, na sakafu yake ni ya mbao, kwa hiyo kila anayetembea husikika hadi dirisha la mwisho. Nimenunua viatu vya soli ya mpira. Asubuhi narudisha vitabu kwenye rafu, halafu nakaa kaunta pamoja na wenzangu, mchana najifunza kupanga ripoti za kesi. Hizi ni juzuu nene za hukumu za mahakama, zote za rangi moja ya damu ya mzee, na ukikosea mwaka mmoja umempoteza mtu mzima na kesi yake.

Anayenifundisha ni Mkutubi Mkuu, mama mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, na bado huuliza miwani yake iko wapi. Siku ya kwanza alinipa kanuni moja tu. Alisema, "Kijana, hapa hatutoi ushauri wa sheria. Mtu akikuuliza kama atashinda kesi, mpe kitabu. Akikuuliza kitabu kinamaanisha nini, mpe kiti."

Sasa nikwambie linaloninyima usingizi. Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Juni. Kabla ya hapo lazima nisimame mbele ya darasa la mwaka wa kwanza, niwafundishe jinsi ya kutafuta sheria, na Mkutubi Mkuu atakaa nyuma anasikiliza. Nikiweza, nabaki. Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine. Shangazi, wewe unanijua. Uliwahi kunituma dukani nikalete chumvi, nikarudi na sabuni, kwa sababu muuzaji hakunisikia vizuri na nikaona haya kurudia.

Niombee.

Mwana wa kaka yako

17 Februari

Kwako Labda,

Usinune, jina hilo ulijipa mwenyewe. Mtoto wa watu akiulizwa umeshiba anajibu labda.

Mimi mzima wa afya. Mgongo umekubali yaishe, magoti ndiyo yameanza siasa. Saluni inakwenda. Barua yako imefika na nimefurahi hadi nikamwacha mteja na nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kinangoja.

Kuhusu hilo darasa, wewe jifunze kazi, kuongea kutakuja. Mdomo unao tangu uzaliwe, ni kuufungua tu. Hao wanafunzi wenyewe mwaka wa kwanza wanajua nini? Wanaogopa kuliko wewe.

Sasa kwa kuwa tumepata mwanasheria nyumbani, nina kesi. Kuna dada aliniletea wigi lake nilioshe na kulitengeneza, mvua za mwaka jana. Akaenda zake. Sijamwona tena. Wigi liko juu ya kile kichwa cha plastiki, linanitazama tangu nafungua mpaka nafunga. Jumatatu amekuja mteja amelipenda, anataka nimuuzie. Fundi cherehani wa mlango wa pili anasema niuze, mali ikiachwa imeachwa. Mwalimu mstaafu, yule anayekuja kila wiki kukausha nywele, anasema nikiuza nitafungwa. Hapa saluni imegawanyika kama bunge. Wewe sema moja tu: niuze au nisiuze?

Jibu upesi, mteja anangoja.

Shangazi yako

28 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Uyakande kwa maji ya moto, usiyachukulie mzaha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta namna ya kukujibu bila kukuudhi, na sijaipata, kwa hiyo nakuudhi kwa heshima. Siwezi kukwambia uuze au usiuze. Kwanza mimi si mwanasheria, ni mtunza vitabu vya wanasheria. Pili, ile kanuni ya Mkutubi Mkuu haisemi "isipokuwa shangazi". Nilimuuliza, kwa mzunguko, nikasema labda ndugu wa mbali ana jambo dogo. Akanitazama kwa miwani ya kwanza, akashusha na ya pili, akasema, "Ndugu wa mbali ndio wenye kesi kubwa."

Ninachoweza ni kukuonyesha njia. Swali lako si "niuze au nisiuze". Swali lako ni: mtu akipokea mali ya mwenzake aifanyie kazi, na mwenyewe asirudi, sheria inamtaka afanye nini kabla ya kuigusa? Hayo ndiyo maneno ya kwenda nayo. Katika maktaba ya mji wenu kuna kabati la sheria, niliwahi kuliona. Mwambie mhudumu akupe faharasa, ile orodha ya mwishoni inayofuata herufi, utafute palipoandikwa mali iliyoachwa na mali ya kutengenezwa. Usome mwenyewe. Na tafadhali usimuuzie mtu yeyote kwa sasa.

Hapa naendelea. Jana mwanafunzi aliniuliza choo kiko wapi na nikamjibu mara moja, kwa sauti. Hiyo naihesabu kuwa hatua.

Mwana wa kaka yako

11 Machi

Labda,

Salamu zako zimefika, na magoti yamesikia.

Nimeuliza habari ya wigi, si kesi ya mauaji. Tumekusomesha miaka yote ile uje utuambie nendeni mkasome wenyewe? Fundi cherehani amecheka mpaka akajichoma sindano. Anasema sasa anaelewa kwa nini maktaba zina kimya: kila anayeulizwa hana ruhusa ya kujibu.

Hata hivyo nimekwenda. Usijivune. Nilikuwa na safari ya upande huo. Mhudumu alinipa kitabu kinene nikakaa nacho nikiwa na mafuta ya nywele mkononi, akanipa na kitambaa. Nimeiona hiyo faharasa. Kumbe ndiyo mlango wa kitabu, na mimi siku zote nilidhani ni mahali mwandishi anapomalizia wino. Nimesoma sehemu moja, nimeelewa robo. Kuna kumpa mwenyewe taarifa. Nimeona na neno "muda wa kutosha". Wa kutosha kwa nani? Mwalimu mstaafu anasema muda wa kutosha ni mwezi, fundi anasema mvua mbili. Sasa tunagombana vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Mteja wa kununua nimemwambia angoje. Amenuna.

Niambie umefikia wapi na darasa.

Shangazi yako

15 Aprili

Labda, mwanangu,

Mzima wewe? Sijapata barua tangu mwezi uliopita. Nimetuma salamu kwa yule kijana wa mabasi aliyesema anakufahamu, kumbe anamfahamu mwingine.

Kama umenuna kwa maneno ya fundi, nimemsema. Kama unaumwa, sema nije. Kama ni mchumba, sema pia, nijue niache kuhangaika.

Shangazi yako

4 Mei

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Siumwi, na mchumba hayupo. Niliharibu jambo kazini na sikujua niliandike vipi.

Kuna vitabu vya sheria hapa visivyoshonwa. Kurasa zake zimeshikwa na pete za chuma, kwa sababu sheria hubadilika, na kila ikibadilika tunaletewa bahasha ya kurasa mpya. Unafungua pete, unatoa ukurasa wa zamani, unaweka mpya mahali pake. Ni kazi ya kutuliza moyo. Mwezi wa tatu nilipewa bahasha nene, nami niliifanya kwa uangalifu wote Mungu alionipa. Sikuruka hata ukurasa. Nilipomaliza nilikaa nikakitazama kitabu kama mtu aliyepaka nyumba rangi. Kisha nikazikusanya kurasa kuukuu, nikazitia kwenye mfuko wa karatasi chakavu, nikaenda nyumbani nikapika vizuri.

Kesho yake akaja profesa mzee wa sheria za kampuni. Anataka kifungu fulani. Nikamletea kitabu changu kipya huku natabasamu. Akasoma, akasema, "Hiki ni cha leo. Mimi nataka kilivyokuwa kampuni ilipofungwa." Mkutubi Mkuu akaniuliza kwa upole, "Kijana, kurasa za zamani umeweka wapi?"

Shangazi, ule mfuko ulikuwa umeshateremshwa chumba cha taka, unangoja gari. Nilishuka ngazi na kwa mara ya kwanza nikasikia hatua zangu mwenyewe, pamoja na zile soli za mpira. Mama wa usafi alinikuta nimezama kwenye karatasi hadi kiunoni. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema sheria. Akasema, "Huku? Nilijua tu iko siku mtakuja kuitafuta huku." Akakunja mikono ya gauni lake, tukatafuta pamoja. Tulizipata zote, na moja ilikuwa imelowa chai. Tuliianika dirishani, ikakauka ikiwa na doa lenye umbo la figo. Profesa alisoma kupitia doa, akanishukuru, na hilo ndilo liliniumiza.

Jioni Mkutubi Mkuu alinipeleka nyuma kabisa, kwenye rafu niliyodhani ni ya vitabu vya kutupwa. Ndiko ziliko kurasa zote zilizowahi kutolewa, miaka na miaka, zimefungwa kwa uzi. Akaniambia, "Mtu huhukumiwa kwa sheria iliyokuwapo siku alipotenda. Kwa hiyo sheria ikifa hatuiziki. Kuna mtu aliishi chini yake." Kisha akaenda ofisini kwake akaandika kitu katika faili langu. Sijui aliandika nini. Tangu siku hiyo kila nikikaa kuandika barua naona lile faili.

Darasa langu ni katikati ya Juni. Nimeandika nitakayosema, nimeyafuta, nimeyaandika tena. Nikiyasoma peke yangu chumbani sauti inatoka. Nikimfikiria hata mtu mmoja ameketi kitandani ananitazama, inakatika.

Mwana wa kaka yako

13 Mei

Labda wangu,

Alhamdulillahi u mzima. Hapa sote wazima, na tumecheka mpaka mashine ya kukaushia nywele nikaizima ili tucheke vizuri.

Sasa kaa chini, nina la kukwambia na utakasirika. Barua zako mimi sizisomi peke yangu. Mikono yangu huwa kwenye vichwa vya watu, unadhani nazishika kwa meno? Huzisoma mwalimu mstaafu, kwa sauti, akiwa chini ya mashine, na kwa vile yeye hajisikii kwa kelele ya mashine basi hupaza mpaka fundi cherehani anasimamisha cherehani yake. Tangu ile ya kwanza. Sabuni na chumvi wanaijua wote. Kuna wateja wamehamisha siku zao za kusuka ili ziangukie barua. Hii ya karatasi chakavu, dada mmoja niliyempaka dawa alikataa kwenda kuoshwa mpaka ajue ule ukurasa wa chai umeonekana. Nywele zilikuwa karibu kuungua. Alipiga makofi. Mwalimu alirudia lile neno la mama wa usafi kwa maombi ya watu.

Na lile la kutoizika sheria, hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliyekuwa kimya kwenye benchi alisema, "Pasome tena hapo." Akasomewa tena.

Kwa hiyo unaponiambia huwezi kusema mbele ya watu, mimi sikuelewi. Umekuwa ukisema mbele ya saluni iliyojaa tangu Februari. Na hawa wanalipa kuja hapa, hao wanafunzi wako wanapumzika tu.

Kasirika, halafu niandikie.

Shangazi yako

24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, wewe na hadhira yako.

Nimekasirika. Niliposoma masikio yalishika moto nikatoka nje ya chumba. Sabuni na chumvi ilikuwa siri yetu. Ungeniomba ruhusa.

Ungeniomba ningekataa, najua.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa na nina maswali mawili. La kwanza: pale nilipoandika nilizama hadi kiunoni, walicheka? Nilitumaini watacheka. Yaani nilitumaini wewe utacheka. La pili: naomba ruhusa, kama watu wenye adabu wanavyoomba, ya kutumia kesi ya wigi lako katika darasa langu. Nimetupa yote niliyoandika. Yalikuwa mazuri, lakini nilikuwa nimeliandikia lile faili, si wanafunzi.

Mwana wa kaka yako

1 Juni

Labda,

Salamu kutoka bungeni.

Walicheka kwenye kiuno, ndiyo. Wigi umeruhusiwa. Usiseme rangi yake, mwenyewe anaweza kuwa na ndugu hapo chuoni.

Paza sauti. Mashine ina kelele.

Shangazi yako

16 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, wewe na wote mnaosikiliza. Mwalimu, tafadhali soma polepole, nimechoka na nataka nisikilizwe vizuri.

Darasa limekwisha jana. Nilianza vibaya. Niliwapa mgongo nikaanza kuandika ubaoni, na nilivyokuwa nasema nilikuwa nauambia ubao. Kutoka nyuma mtu akasema, "Mkutubi, hatusikii." Wengine wakaguna. Mkutubi Mkuu alikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, kalamu mkononi. Niligeuka. Nikajiambia kuna mashine ya kukaushia nywele inanguruma hapa katikati, na kuna dada ana dawa kichwani, hawezi kungoja. Nikasema kwa sauti ya kuishinda hiyo mashine: "Shangazi yangu ana wigi la watu."

Walitazamana, halafu wakacheka, na kicheko kile, Shangazi, sikukiogopa. Niliwaeleza kila kitu: mvua, kichwa cha plastiki, fundi, mteja aliyenuna. Nikawauliza, auze au asiuze? Darasa likapasuka katikati, kama huko kwenu. Wengine wakapaza sauti auze. Binti mmoja wa mbele akasema huo ni wizi wenye subira. Nikawaacha wagombane, kisha nikasema maneno yenu haya yote ni mazuri, na hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu. Nikawaonyesha faharasa. Nikawaambia ndiyo mlango wa kitabu. Hilo nimekuibia.

Mambo yakawa yanakwenda. Nikaanza hata kutembea. Ndipo kijana mmoja mwenye sweta jekundu akanyoosha mkono: "Hii sheria inaonyesha ilirekebishwa mwaka huu. Wigi liliachwa mwaka jana. Anafuata ipi?"

Shangazi, sikujua. Hilo ndilo jambo nililoliogopa tangu Februari, si watu, ni hilo: kusimama pale na kutojua huku wote wakinitazama. Nikaona kalamu ya Mkutubi Mkuu imesimama. Ningeweza kusema neno refu likapita. Nikasema, "Sijui."

Nikaongeza, "Lakini najua rafu. Twendeni."

Wakainuka wote. Tulipanda juu, na ile sakafu ya mbao ikalia kama mvua ya mawe, wasomaji wakainua vichwa, mwenzangu wa kaunta akasimama akidhani kuna moto. Niliwapeleka nyuma, kwenye kurasa zilizofungwa kwa uzi. Wakafungua za mwaka jana, wengine wakachukua kitabu cha pete chenye za mwaka huu, wakalinganisha mstari kwa mstari wakiwa wamekaa sakafuni. Kijana wa sweta jekundu na yule binti walibishana hadi kengele ikalia, na baada ya kengele wakaendelea. Jibu hawajakubaliana. Wamesema watarudi leo. Wamerudi kweli, wako hapa sasa hivi, nawasikia.

Walipoondoka Mkutubi Mkuu alinijia. Akasema, "Hukuwapa jibu." Nikasema sikuwa nalo, na hata ningekuwa nalo si langu kulitoa. Akatazama sakafu yote ilivyochafuka kwa karatasi. Akasema, "Nusu ya kwanza ulikuwa unaufundisha ubao." Akaenda zake.

Sijui maana yake. Hakusema zaidi, na leo asubuhi kanisalimia kama kawaida. Juni imebakiza wiki mbili.

Mwana wa kaka yako

22 Juni

Labda wangu, hapana, leo sikuiti hivyo.

Mwana wa kaka yangu,

Tumesomewa mara mbili, ya pili kwa ajili ya waliochelewa. Ulipofika kwenye "Sijui" bunge zima lilishika pumzi, na fundi cherehani, yule yule, akasema, "Amefanya vizuri." Nimemwambia arudie mbele ya mashahidi.

Usimhangaikie huyo mama wa miwani mbili. Mtu akikusema nusu ya kwanza, ujue ya pili hakuona la kusema.

Habari ya wigi imekwisha. Mwenyewe kaja juzi, alikuwa kwa dada yake aliyejifungua mapacha. Kalivaa palepale, kajitazama, kashukuru, kaondoka. Tulimsindikiza wote hadi nje. Mteja wa kununua kasuka nywele zake mwenyewe na kapendeza zaidi. Wanafunzi wako usiwaambie bado, waache wasome.

Tunangoja habari zako. Hata wasiosukwa wanapita kuuliza.

Shangazi yako

2 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na magoti?

Siku ya mwisho ya Juni ilipita bila mtu kuniambia lolote. Sikuthubutu kuuliza. Nilipanga vitabu, nilikaa kaunta, nilikusanya hata vitu vyangu vya droo nikavitia kwenye mfuko mdogo ili nisionekane navikusanya.

Jana asubuhi alikuja mzee mmoja kutoka nje ya chuo, muuza vifaa vya baiskeli, anataka kusoma sheria ya mipaka ya viwanja. Mtu wa nje huruhusiwa kuingia akidhaminiwa kwa sahihi ya mkutubi, na sisi tunaojifunza hatuna haki ya kumdhamini mtu. Nikampeleka kwa Mkutubi Mkuu. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mdhamini wewe." Nikamwambia mimi siruhusiwi, niko kwenye majaribio. Akatafuta miwani, nikamwonyesha utosini, akasema, "Majaribio yaliisha jana, kijana. Nilidhani unajua kutafuta habari. Iko kwenye ubao wa matangazo."

Nilikwenda kuusoma. Nilirudi nikausoma tena. Kisha nikamtilia mzee yule sahihi yangu, nikampa kitabu, nikampa kiti.

Kwa hiyo nabaki, Shangazi. Na sasa ninaweza kumdhamini mtu mmoja kwa siku. Sina ninayemjua katika mji huu. Jumamosi maktaba inafunguliwa hadi mchana. Basi la alfajiri linafika mapema, na nimenunua simu, namba iko nyuma ya bahasha. Nauliza tu.

Mwana wa kaka yako

Jumamosi, ujumbe wa simu

Nimefika, simu nimeazima kwa mwalimu. Saluni nimemwachia fundi cherehani, Mungu awasaidie vichwa vyao.

Niko mlangoni. Askari ananiuliza nataka kusoma nini. Nimemwambia sijui. Anasema jibu hilo hajawahi kulisikia hapa.

Ngazi nimezipanda zote, magoti yamesahau siasa yao. Hii sakafu ulisema kweli, nimeingia hatua moja watu wote wamenitazama.

Mbona hujibu? Nimekuona. Uko kaunta, shati hujalipiga pasi mgongoni, unazungumza na binti fulani na unampazia sauti kama yuko ng'ambo ya barabara. Wote wanakusikiliza.

Kuna mama ana miwani utosini ananionyesha kibao cha kuzima simu.

Umeinua kichwa. Unakuja.

Nazima.

Shangazi yako